Mlango wa Ndoo Mbili

"Korido la juu ni ndoo tatu," mama alisema. "La chini ni ndoo nne na nusu. Siku ya mvua tano, kwa sababu ya matope ya watu."

Binti yake aliinua macho kutoka kwenye kompyuta. Alikuwa ameiweka juu ya meza ya kulia chakula, katikati ya sahani ambazo hazijaondolewa. "Mama, mimi nataka mita."

"Mita sina. Mimi nilipewa ndoo."

Kinyozi, mume wa binti, alikuwa kwenye kiti cha dirishani akitia mafuta mashine yake ya kunyolea. Alicheka kwa pua, akijizuia kwa sababu ya mama mkwe. "Mwandikie ndoo hivyohivyo," alimwambia mkewe. "Hao wataalamu wenu si ndio wanajua kila kitu? Watazigeuza wenyewe."

"Wewe pigana na mashine yako."

Jengo walilokuwa wakilizungumzia halikuwapo tena. Mahakama ya zamani iliungua miaka sita iliyopita, tingatinga likaja kumalizia kuta, na sasa mahali pale watu wanaegesha magari. Idara ya majengo ya kale ilikuwa inaijenga upya ndani ya kompyuta, ukuta kwa ukuta na dirisha kwa dirisha, ili mtu akivaa miwani mikubwa ya mashine ajione yumo ndani yake, anatembea. Binti alikuwa mmoja wa wachoraji wa kazi hiyo, kwa mkataba uliokuwa unaisha mwisho wa mwezi. Ramani za kwanza zilikuwa karatasi nane, zikapatikana tatu tu: ya upande wa mbele, ya ukuta wa nyuma, na ya ghorofa ya juu. Picha zilikuwa tele, lakini zote za mbele. Maharusi, mawakili, wageni wa serikali, wote walisimama kwenye ngazi chini ya ile saa kubwa. Hakuna aliyewahi kupiga picha mahali ndoo zinapomwagwa.

Na mama alikuwa amefagia na kudeki jengo hilo miaka ishirini na sita.

"Haya," binti alisema, akifunga kompyuta nusu. "Ndoo moja inadeki wapi mpaka wapi? Nionyeshe."

Mama hakusubiri kuambiwa mara mbili. Alijifunga kitambaa kichwani, akajaza ndoo, akawafukuza wote wawili barazani, akaanza kudeki kutoka kona ya ndani. Hakukimbia wala hakujikokota. Alisukuma tambara mkono wa kulia, akavuta kushoto, akarudi nyuma hatua moja. Maji yalipofika rangi aliyoijua yeye, alisimama katikati ya ujia kama mtu aliyefika mpakani. "Hapa. Ndoo imekufa." Kisha akafikiri. "Lakini hii ni saruji, inakunywa. Kule ilikuwa terazo iliyong'arishwa, hainywi maji. Niongezee hatua mbili."

Binti alivuta futi yake ya chuma, ile ya kujikunja yenyewe, akapima sebule, akapima ujia, akaongeza hatua mbili. Alipiga hesabu kwenye simu. Kisha akafungua karatasi ya ghorofa ya juu, ambayo vipimo vyake vilikuwapo, akalinganisha na zile ndoo tatu.

"Imetoka ngapi?" Kinyozi aliuliza.

"Ishirini na saba kasoro nusu. Ramani inasema ishirini na saba."

"Basi hiyo nusu ni ya ramani," Kinyozi alisema. "Mama hakosei."

Mama alikuwa anakamua tambara, hakucheka. Ndani yake alifurahi, furaha ya mtu aliyeulizwa kitu kwa mara ya kwanza katika kazi aliyoimaliza. "Ukishapima hilo korido la chini," alisema, "mwisho wake, mkono wa kushoto, usisahau mlango wa baba yako."

Binti aliupekua ukuta wa nyuma kwenye kompyuta. Ulikuwa mtupu tangu kona hadi kona. "Ramani haina mlango nyuma, mama."

"Ramani ilichorwa kabla hatujazaliwa. Mlango ulikuja baadaye." Aliketi kwenye kizingiti, mikono bado inachuruzika. "Zamani tulikuwa tunatoka na maji machafu mlango wa mbele. Siku moja hakimu akateleza, mbele ya watu, joho likapanda mpaka kiunoni. Kesho yake akaletwa fundi mwashi atoboe ukuta wa nyuma. Alifanya siku tisa. Siku ya kwanza aliniita. 'Dada, shika ndoo zako zote mbili, simama hapa.' Nikasimama. Akachukua kijiti, akanipima kutoka kiwiko hiki hadi kiwiko hiki. Akaongeza vidole vinne kila upande, akasema asije mtu akajikwaruza. Nikamwambia, wewe fundi gani unapima watu badala ya ukuta? Akasema ukuta hautapita hapa, utapita wewe."

"Ndipo mkaoana," Kinyozi alisema.

"Si siku hiyohiyo, wewe. Nilikuwa na adabu."

Binti aliwahi kusikia habari hiyo utotoni, vipande vipande, lakini hakuwahi kuisikia na futi mkononi. Baba yake alikuwa amekufa miaka minane sasa. Nyumba alizojenga zilikuwa za watu, na wenyewe walikuwa wamezivunja au wamezipiga plasta mpya. Hakuacha kitu ambacho mtu angeweza kukionyesha kwa kidole.

"Nitamwambia Msanifu, mkuu wetu wa kazi," alisema. "Lakini Jumatano mchoro unafungwa. Ukifungwa haufunguliwi tena. Mtu yeyote atakayetaka kuijua ile mahakama ataangalia humo, basi."

"Basi nipeleke nikamwambie mwenyewe."

*

Jumatatu asubuhi mama alisali, akavaa gauni lake la kijivu, akatia kitambulisho kwenye pochi. Ofisi ya idara ilikuwa ghorofa ya pili, sakafu ya vigae vyeupe ambavyo yeye alivitazama na kuona vimedekiwa na mtu mwenye haraka. Binti alimketisha kwenye benchi la mapokezi, akaingia ndani kumtafuta Msanifu.

Hakupita muda akaja kijana mmoja mwenye tai, karatasi kwapani, akamwekea ufunguo mkononi. "Mama, choo cha wanaume kimeziba tena. Na leo uanzie huko, tafadhali, kuna wageni."

Mama aliutazama ufunguo. Angeweza kusema kitu. Aliuweka taratibu juu ya meza ya dada wa mapokezi, akarudi kuketi, akavuta gauni lifunike magoti vizuri. Dada wa mapokezi aliinamisha uso kwenye daftari lake, akajifanya anaandika.

Msanifu hakuwa mtu mbaya. Alisimama mama alipoingia, akamwamkia kwa heshima, akaagiza aletewe maji. Ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho juu ya mchoro, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kazi. Wachoraji wengine wanne waligeuza viti kusikiliza.

"Binti yako ametusaidia sana na habari za hizo ndoo," alisema. "Ninawasimulia watu kila mahali. Sasa naambiwa kuna mlango."

Mama alieleza. Alieleza hakimu, maji, zile siku tisa, mahali mlango ulipokaa. Kile kijiti cha kumpimia hakukisema, hakikuwa kitu cha kusema mbele ya wanaume wageni. Msanifu alifungua karatasi ya ukuta wa nyuma kwenye kioo kikubwa cha kompyuta. Ilikuwa na saini na mhuri pembeni.

"Unaona mama, hapa hapana kitu."

"Ulitobolewa baadaye, baba."

"Inawezekana. Lakini ukitobolewa ukuta wa serikali kunakuwa na barua, kunakuwa na mchoro wa nyongeza."

"Barua ziliungua humohumo ndani."

Mchoraji mmoja alitabasamu. Msanifu alijikuna kidevu. "Sikukatalii, mama. Ila na mimi nitaulizwa. Nitaulizwa, huyo shahidi wako unamwaminije? Kwa hiyo niruhusu nikuulize kitu ambacho tunacho kwenye picha. Ngazi kuu za mbele, zilikuwa na vipandio vingapi?"

Mama hakufikiri hata kidogo. "Kumi na saba."

Msanifu alifungua picha moja, maharusi wako katikati ya ngazi, na kila kipandio kinaonekana kama meno. Alichukua kalamu akaanza kuhesabu kwa sauti kutoka chini, akigusa kioo, polepole, kama anavyofundishwa kuhesabu mtoto wa darasa la kwanza. Kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na saba. Kalamu ikapanda tena.

"Kumi na nane," alisema kwa upole.

"Hapana," mama alisema. "Ni kumi na saba."

"Mama, picha hii hapa."

"Nimezisugua kwa magoti miaka ishirini na sita. Ni kumi na saba."

Alimgeukia binti yake. Binti alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Alikuwa anaiona picha, na alikuwa anawaona wenzake. Aliuona na mwisho wa mwezi.

"Mama," alisema, "labda umesahau tu. Ni siku nyingi."

Msanifu alizima kioo haraka, kama mtu anayefunika kitu asimwaibishe mgeni. Alisema umri ni zawadi lakini una mambo yake, hata yeye husahau alikoweka miwani. Akasema kwa usalama wa kazi ni bora wasiweke mlango, na hata lile korido la chini, lililokuwa limepimwa kwa ndoo, ni bora wanakili la juu. Alimshika mama mikono yote miwili wakati wa kuagana.

Maji aliyoletewa mama yalibaki kwenye glasi vilevile.

*

Kinyozi aliporudi kutoka kazini alikuta nyumba imenyamaza kwa namna anayoijua mtu aliyeoa. Mkewe alikuwa jikoni akikata vitunguu kwa kisu kilichokuwa kinatua kwa hasira. Mama mkwe alikuwa chumbani kwake, mlango umerudishiwa.

"Nani kamwudhi nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna."

"Basi hivyo vitunguu vimekosa nini?"

Binti aliweka kisu chini. Alimweleza yote, hata ufunguo wa choo, ambao aliambiwa na dada wa mapokezi baadaye. "Ningesema nini mimi? Picha iko pale, kila mtu anaihesabu. Ningesema picha ina uongo?"

"Ungenyamaza."

"Kunyamaza kungesaidia nini?"

"Yule ni mama yako. Kumwambia amesahau mbele ya wenye tai ni kumvua kitambaa kichwani." Kinyozi alishika kitunguu, akakirudisha. "Mimi mtu akikaa kwenye kiti changu akaniambia jana nilimkata vibaya, simbishii kwanza. Namuuliza, alikuwa ameketi vipi. Wewe hukumuuliza mama alihesabu vipi."

"Kuhesabu kuna namna ngapi?"

Mama aliyasikia yote, kwa maana nyumba ilikuwa ndogo na ukuta wa ndani ulikuwa wa mbao. Hakulia. Kilichokuwa kinamchoma hakikuwa yule kijana wa tai wala kalamu ya Msanifu. Ni kwamba aliiona ile picha kwa macho yake, na kweli vipandio vilikuwa kumi na nane. Mtu aliyekosea hicho, kwa nini asiwe amekosea na mlango? Kwa nini zile siku tisa zisiwe nane, na kijiti kisiwe hadithi aliyojitungia baada ya kufiwa? Aliona kana kwamba mtu ameingia ndani yake na kusogeza vitu, na sasa hajui kipi kilikuwa wapi.

Alipiga magoti. Hakumwomba Mungu aaminiwe na watu. Alimwomba amwonyeshe kile kipandio kilikokwenda, basi, hayo mengine atayabeba.

Kesho yake, baada ya wengine kutoka, alichukua tambara na ndoo akaenda barazani. Baraza ilikuwa na vipandio vitatu tu, lakini alitaka mwili ukumbuke. Alipiga magoti kama zamani, akaanzia juu, kwa sababu ngazi huoshwa kutoka juu. Aliosha cha kwanza, akashuka. Akaosha cha pili, akashuka. Hapo mkono wake wa kulia, bila kuambiwa, ukalikunja tambara, ukalikamua kwenye ndoo, na mgongo ukanyooka kama mgongo wa mtu aliyemaliza.

Kipandio cha tatu kilikuwa kikavu.

Mama alikaa pale akakitazama. Kisha alicheka, peke yake, hadi jirani aliyekuwa anaanika nguo akamuuliza kulikoni.

"Hakikuwa changu," mama alisema.

Kwa maana kazi ile ilikuwa na mipaka kama mashamba. Ngazi zilikuwa za mama. Veranda ya chini ilikuwa ya mwanamke mwingine, na kipandio cha mwisho kwa kuwa kiligusana na veranda kilihesabiwa cha veranda. Msimamizi ndiye aliyeamua, baada ya wanawake hao wawili kugombania kipandio hicho mwaka mzima. Mpaka huo ulikuwa umemkaa mama kichwani. Vipandio vyake vilikuwa kumi na saba. Cha kumi na nane kilikuwa cha mtu.

*

Yule wa veranda bado alikuwa hai. Alikaa kwa mpwa wake, upande wa pili wa mji, mzee kuliko mama kwa miaka kama kumi, sikio moja limekufa. Mama alimkuta ameketi uani akichambua mchele kwenye ungo.

"Dada, unanikumbuka?"

"Nitakusahauje? Ulikuwa unanimwagia maji machafu kwenye kipandio changu."

Mama alishusha pumzi. "Kipandio gani?"

"Kile cha chini. Unajifanya hujui? Umekuja mpaka hapa kukidai tena?"

"Sikidai. Ni chako. Nataka twende ukawaambie watu kwamba ni chako."

Mwanamke wa veranda aliuweka ungo chini. Katika uzee wake hakuna aliyewahi kumfuata kumwambia kwamba alishinda ule ugomvi. "Ngoja nivae viatu," alisema.

"Na mlango wa nyuma, unaukumbuka?"

"Ule wa mume wako? Mimi nilikuwa mnene, nikawa wa kwanza kuujaribu, nikapita na ndoo zangu bila kugusa. Ningesahau ningekuwa mtovu wa fadhila."

Walifika ofisini saa nane mchana, siku hiyohiyo ya Jumanne. Mlinzi wa chini hakuwaruhusu kupanda. Alisema wawe na miadi. Mama alisema binti yake anafanya kazi juu. Mlinzi akapiga simu, akasema wote wako mkutanoni. Wakakaa kwenye ukingo wa bustani, kwa kuwa chini hapakuwa na benchi. Mwanamke wa veranda alisinzia, akaamka, akauliza kama zamu imekwisha. Saa kumi na nusu binti alishuka, akawaona wawili hao wameketi na pochi zao magotini, akawafuata.

Mama alimweleza pale pale, akisimama. Hakumlaumu kwa jambo lolote. Alimwambia tu: kumi na saba vyangu, kimoja chake. Mwanamke wa veranda akaongeza kwamba yale maji machafu bado anayakumbuka.

Binti alisikiliza mpaka mwisho. Akageuka, akapanda ngazi mbili mbili.

Msanifu alikuwa anakunja nyaya. Alimsikiliza, tena kwa makini, akatingisha kichwa kwa mshangao wa kweli. "Hiyo ni hadithi nzuri sana. Wamegawana ngazi." Kisha akanyoosha mikono. "Lakini mchoro tumeshaufunga. Umepelekwa saa saba."

"Ulisema Jumatano."

"Wakubwa walitaka mapema. Na hata tungekuwa na muda, tungeweka nini? Maneno ya wafagizi wawili juu ya ramani yenye mhuri? Wewe ni mtaalamu, unajua." Aliona uso wake, akalegeza sauti. "Ila sikiliza. Ijumaa ni uzinduzi. Mlete mama. Mwandishi wa gazeti anataka mtu aliyefanya kazi mle. Tumvalishe miwani, apite ndani, watu watafurahi. Mfagizi anarudi kazini kwake baada ya miaka. Itakuwa picha nzuri."

Binti alitaka kusema mambo mengi. Alisema, "Nitamwuliza."

Nyumbani, Kinyozi alipoambiwa, aliweka kijiko chini. "Ushahidi wake hawautaki, sura yake wanaitaka?"

"Mama, usiende," binti alisema. "Mimi sitakulazimisha."

"Nitakwenda," mama alisema. "Nataka nikaone walichojenga."

*

Ukumbi ulijaa. Viti vya mbele vilikuwa vya wakubwa, na kioo kimoja kikubwa kama ukuta kilining'inizwa ili watu wote waone kile anachokiona aliyevaa miwani. Mama alikaribishwa jukwaani kwa makofi. Msichana wa maonyesho alimvalisha ile miwani juu ya kitambaa, akaikaza, akamtia vishikio viwili, kimoja kila mkono. "Ukibonyeza hapa unakwenda mbele, mama. Ukigeuza mwili unageuka. Usiogope."

Mama hakuogopa. Kwenye kioo ilitokea mahakama, nyeupe, mpya, saa yake inatembea, mbingu juu yake safi. Watu walivuta pumzi. Na mama naye, kusema haki, moyo ulimpiga, maana hata nyufa za nguzo ya kulia walikuwa wameziweka. Aliinamisha kichwa, na ukumbi wote ukainama naye, ukatazama ngazi. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Panda sasa," msichana alisema. "Uingie ndani."

Mama alibonyeza. Lakini hakupanda. Alizigeuzia ngazi bega, akafuata ukuta wa ubavuni, polepole, mikono miwili imening'inia na vishikio vyake kama mtu aliyebeba vitu vizito. Mbele yake zilipita nguzo, madirisha, na mtaro wa maji ya mvua. Watu walianza kunong'ona. Mkubwa mmoja aliuliza kama mashine imeharibika.

"Mama, mlango uko mbele," msichana alisema. "Rudi, upande ngazi."

"Mbele haturuhusiwi na ndoo," mama alisema.

Wachache walicheka, wakidhani ni mzaha uliopangwa. Mama alikata kona. Ukatokea ukuta wa nyuma, mweupe, mrefu, hauna kitu. Alikwenda nao mpaka karibu na mwisho wake, akasimama, akaugeukia. Akabonyeza. Ukuta ukaja mpaka usoni, ukajaa kioo chote, picha ikatetemeka na kugoma. Akabonyeza tena. Ikagoma.

Alibaki amesimama hivyo, viwiko vimetoka nje kidogo, mgongo umenyooka, uso umeelekea weupe mtupu. Kicheko kilikwisha. Mwandishi wa gazeti alikuwa ameinua kamera, akaishusha.

"Unasubiri nini, mama?" msichana aliuliza, sauti imempungua.

"Nasubiri kupita."

Msanifu alipanda jukwaani kwa tabasamu la mtu anayezima moto kwa viganja. Alisema kwenye kipaza sauti kwamba wazee wetu wana kumbukumbu zao. Akamnong'oneza msichana amvue miwani.

Ndipo binti aliponyanyuka kutoka kiti cha nyuma, alikokuwa ameketi na mumewe na yule mwanamke wa veranda. Alipita katikati ya viti, mkoba begani. Alipanda jukwaani, akamwondoa msichana mkono taratibu, akasimama mbele ya mama yake. Akatoa futi ya chuma, akaivuta. Mlio wake ulisikika ukumbi mzima.

"Mchoro umeshafungwa," Msanifu alisema, nje ya kipaza sauti. "Usifanye hivi. Unajua mkataba wako unaisha lini."

"Najua," binti alisema.

Aliweka ncha ya futi kwenye kiwiko cha kushoto cha mama, akaivuta hadi kiwiko cha kulia. Akapima mara ya pili. Aligeuza kadi ya mwaliko upande usioandikwa kitu, akaandika namba.

Mama hakuwa anaona chochote ila ule weupe. Alikisikia tu chuma baridi kikimgusa kiwiko, kisha kingine, na akajua ni mkono wa nani.

"Ongeza vidole vinne," alisema. "Kila upande."